Kutafuta na Kurekebisha Hitilafu za Saspensheni ya Upepo kwenye Land Rover Discovery 3 na 4

Mwenye Discovery anapokuta gari limelala upande mmoja asubuhi, neno la kwanza analoambiwa gereji huwa ni kwamba kompresa imekufa. Mara nyingi ni kweli kwamba kompresa imechoka, lakini si lazima iwe ndiyo chanzo. Kompresa ya saspensheni ya upepo haikutengenezwa ifanye kazi mfululizo. Huwaka kwa muda mfupi, hujaza tangi, kisha hupumzika. Upepo unapovuja mahali fulani, kompresa hulazimika kuwaka kila mara ili kufidia kilichopotea, hupata joto kupita kiasi, na ringi ya pistoni yake hulika kabla ya wakati. Anayebadilisha kompresa na kuuacha uvujaji ulipo amenunua kompresa nyingine ya kuunguza. Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia utaratibu mmoja: kwanza ijulikane upepo unapotelea wapi, ndipo kipuri kinunuliwe.

Maelezo yanahusu Discovery 3, iliyotoka mwaka 2004, na Discovery 4 iliyoifuata mwaka 2009 hadi 2016. Range Rover Sport ya kizazi cha kwanza inatumia mfumo ulio karibu sawa, hivyo mwenye gari hilo naye atafaidika.

Usalama kabla ya spana

Tangi la upepo la gari hili likijaa, mgandamizo wake hukaribia bar 16, ilhali tairi lake hubeba kama bar 2 na nusu tu. Nati ya paipu ikifunguliwa kwa pupa, upepo huo hutoka kwa nguvu ya kuweza kujeruhi jicho, kwa hiyo vaa miwani ya kazi na legeza kila kiungio kidogo kidogo hadi mlio wa upepo uishe.

Hatari kubwa zaidi ni uzito wa gari lenyewe. Hili ni gari la zaidi ya tani mbili na nusu, na linaweza kujishusha hata baada ya kuzima switchi na kufunga milango, kwa sababu kompyuta ya saspensheni huamka yenyewe mara kwa mara gari likiwa limeegeshwa ili kuangalia kama limesimama sawa. Usiingize kichwa wala mkono kati ya tairi na madgadi, na usilale chini ya gari linaloshikiliwa na upepo peke yake au na jeki peke yake. Weka stendi imara chini ya fremu, zuia magurudumu yasisogee, kisha uchomoe fyuzi ya saspensheni kabla ya kuanza kazi. Nafasi ya fyuzi hiyo imeonyeshwa kwenye kitabu cha gari.

Upepo unavyosafiri

Kila gurudumu lina shokapu iliyozungukwa na puto la mpira linalobeba uzito badala ya springi ya chuma. Kompresa imefungwa upande wa kushoto wa fremu, mbele ya gurudumu la nyuma, ndani ya kifuniko cha plastiki. Tangi lina ujazo wa lita 9. Kati ya kompresa, tangi na maputo zimo bloki tatu za vali: moja ya mbele, moja ya nyuma na moja ya tangi. Sensa nne, moja kwa kila gurudumu, huieleza kompyuta kimo cha gari, na kompyuta ndiyo inayofungua vali za kujaza au kutoa upepo. Kwa njia mbaya gari hupanda milimita 55 juu ya kimo cha kawaida, na kwa kupandia na kushukia abiria hushuka milimita 50.

Kipo kifaa kimoja kisichotajwa sana, nacho ndicho kinachoeleza kwa nini uvujaji mdogo huzaa gharama kubwa. Hicho ni kikaushio, mkebe uliounganishwa na kompresa na kujazwa chembe zinazonyonya unyevu. Upepo unaoingia hupita humo na kuacha unyevu wake; gari linaposhushwa, upepo unaotoka hupita humo humo kuelekea nje na kuubeba unyevu uliobaki. Kikaushio hujikausha kwa njia hiyo. Puto likivuja, upepo huingia kupitia kikaushio lakini hautoki tena kupitia humo. Unapotelea kwenye ufa wa mpira. Chembe hulowa bila kupata nafasi ya kukauka, husagika kuwa unga mweupe, na unga huo husukumwa hadi ndani ya vali, ambazo nazo huanza kushindwa kufunga. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima, uharibifu huu huenda mbio zaidi. Ndiyo maana gari lililovumiliwa mwaka mzima likiwa linalala kona moja huishia kudai puto, kompresa na bloki ya vali kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: betri na ujumbe wa kwenye dashibodi

Anza na betri, hata kama unaamini ni nzima. Magari haya hutoa ujumbe wa uongo wa saspensheni umeme unapopungua wakati wa kuwasha injini. Betri iliyopumzika inapaswa kusoma kati ya volti 12.4 na 12.7, na injini ikiwa inaunguruma multimita (kipima umeme) isome karibu volti 14. Ikiwa betri ni dhaifu, shughulikia hilo kwanza, futa kumbukumbu za hitilafu, kisha uangalie kama ujumbe utarudi.

Baada ya hapo gari lipimwe kwa mashine inayoweza kuzungumza na kompyuta ya saspensheni. Mashine ndogo za bei nafuu zinazosoma injini peke yake hazitasaidia hapa. Andika namba zote za hitilafu kabla ya kuzifuta. Namba C1A20 inamaanisha kwamba mgandamizo unapanda polepole mno wakati tangi linajazwa. Inaweza kutokana na kompresa iliyochoka, chujio la hewa lililoziba, au uvujaji kwenye njia kuu ya upepo, yaani ile inayounganisha kompresa, tangi na bloki za vali. Namba C1A13 inamaanisha kwamba mgandamizo haushuki pale kompyuta inapotaka kuutoa nje, na mara nyingi huelekeza kwenye vali ya kutolea upepo. Namba haitaji kipuri cha kununua. Inataja kile ambacho kompyuta ilikitarajia na haikukiona. Fundi anayesoma C1A20 na papo hapo kuagiza kompresa amerukia jibu.

Jambo dogo la kukumbuka: gari hili halibadilishi kimo likiwa na mlango wazi. Kama halipandi wala halishuki na hakuna ujumbe wa hitilafu, angalia kwanza kama taa ya mlango inawaka kwenye dashibodi, kwani kitasa chenye swichi mbovu kinatosha kulizuia.

Hatua ya pili: kipimo cha usiku kucha

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, hakigharimu chochote, na mafundi wengi hukiruka kwa sababu kinataka subira.

Egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa katika kimo cha kawaida. Kwa kila gurudumu, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madgadi moja kwa moja juu yake, na uandike vipimo vinne kwa milimita. Zima injini, kisha uchomoe fyuzi ya saspensheni. Kesho yake, kabla ya kurudisha fyuzi na kabla ya mtu yeyote kufungua mlango, pima tena.

Sababu ya kuchomoa fyuzi ni hii. Kompyuta inapoamka usiku na kukuta kona moja imeshuka, hushusha na kona nyingine ili gari lisimame sawa. Asubuhi unakuta gari zima liko chini, unadhani maputo yote manne yamekufa, kumbe ni moja tu lililoanza na mengine yameshushwa kwa makusudi. Bila umeme vali hubaki zimefungwa, na kila puto hubaki na upepo wake. Linalovuja linajulikana.

Soma matokeo kwa utulivu. Tofauti ya milimita chache kwa kona zote si hoja, kwa kuwa upepo hunywea baridi ya usiku inapoingia, na mwenye gari Limuru au Njombe ataiona zaidi kuliko wa Kilwa. Kona moja ikishuka kwa sentimita kadhaa, tatizo liko kwenye puto hilo, paipu yake, au vali yake ndani ya bloki. Kona zote mbili za mbele zikishuka kwa kiasi kinachofanana, elekeza jicho kwenye bloki ya mbele, na vivyo hivyo kwa nyuma. Ikiwa hakuna iliyoshuka, ilhali gari hushuka kila usiku fyuzi ikiwemo, maputo yako yanashika upepo na mshukiwa sasa ni sensa ya kimo inayoidanganya kompyuta.

Hatua ya tatu: maji ya sabuni

Rudisha fyuzi, washa injini, panda hadi kimo cha njia mbaya, weka stendi chini ya fremu, kisha zima na uchomoe fyuzi tena. Osha kona unayoishuku hadi tope lote litoke, kwani udongo mweusi uliokauka juu ya mpira huziba ufa kwa muda na kukupoteza. Andaa maji yenye sabuni nyingi ya kuoshea vyombo kwenye chupa ya kunyunyizia.

Puto halionekani lote, kwa sababu sehemu yake imefichwa na gamba la nje. Nyunyiza hadi maji yaingie vizuri kwenye mkunjo wa chini, mahali ambapo mpira hujikunja na kukunjuka kila gari linapopita kwenye shimo, kisha usogeze tochi karibu na usubiri dakika mbili au tatu. Uvujaji mkubwa hutoa mapovu makubwa yanayopasuka, na huo hata sikio huusikia. Uvujaji wa kawaida ni wa aina nyingine: povu jeupe laini, la chembe ndogo ndogo, linalotunga polepole kwenye mstari mmoja wa mkunjo na kubaki hapo bila kupasuka. Ukiliona, lifute kwa kitambaa, nyunyiza tena, na uhakikishe kwamba linatunga mahali pale pale, maana maji yanayochuruzika nayo hutoa povu la kupita.

Endelea juu hadi kichwa cha shokapu, pale paipu inapoingilia, kisha ufuate paipu yenyewe hadi kwenye bloki. Tafuta mahali paipu ya nailoni inaposuguana na fremu au ilipobanwa na kipande cha jiwe. Malizia kwa bloki ya vali na tundu la kutolea upepo la kompresa. Tundu hilo likitoa povu wakati gari limetulia na limezimwa, upepo unapenya kwenye vali isiyofunga vizuri, nawe ukiangalia ndani ya paipu ya karibu huenda ukakuta ule unga mweupe uliotajwa juu.

Ikiwa hakuna povu popote na kipimo cha usiku kimeonyesha kushuka, rudia zoezi gari likiwa katika kimo cha kawaida, kwa kuwa baadhi ya nyufa hufunguka mpira ukiwa umejikunja kwa namna fulani tu.

Hatua ya nne: kompresa na umeme wake

Baada ya uvujaji kupatikana au kuondolewa shakani, ndipo kompresa ipimwe. Iache ipoe kwanza, kwani ina kinga ya joto inayoizima, na kompresa iliyozimwa na joto huonekana kama iliyokufa. Ikiwa haiwaki kabisa, angalia fyuzi yake kubwa na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyo kwenye boksi chini ya boneti, kisha upime kama umeme unafika kwenye soketi yake wakati kompyuta inaiamuru iwake. Rilei iliyoungua huweza kuganda na kuiacha kompresa ikiwaka bila kukoma hadi iungue. Kwa hiyo kila kompresa mpya iingie pamoja na rilei mpya. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na inachokilinda.

Ikiwa inawaka lakini gari linapanda kwa shida, tazama mgandamizo wa njia kuu kwenye mashine ya kupimia wakati kompresa inafanya kazi. Ukipanda kwa kasi mwanzoni kisha ukakwama chini sana ya kiwango cha kujaza tangi, huku mfumo hauvuji, ringi ya pistoni imelika. Kompresa za mwanzo za Hitachi zina vifaa vya kufufulia, yaani ringi mpya na silinda yake, na kazi hiyo hufanyika mezani kwa mkono mtulivu. Mimi huona inafaa pale silinda haijachubuka na mota haijaungua. Vinginevyo nunua kompresa kamili. Ukichagua aina ya AMK kuchukua nafasi ya Hitachi, kompyuta ya saspensheni inahitaji programu mpya, na asiyekuwa na mashine ya kuiweka asianze kazi hiyo.

Hatua ya tano: sensa za kimo

Dalili yake ni tofauti na uvujaji. Gari linakwenda vizuri, mara ujumbe unatokea barabarani, kona moja inanyanyuka au kudidimia bila sababu, nawe ukizima na kuwasha tena kila kitu kinarudi sawa. Angalia mkono wa sensa kama umepinda au kiungio chake kimechomoka, kisha fungua soketi na utafute kutu ya kijani. Sensa hupewa volti 5. Ukitembeza mkono wake taratibu, volti zinazotoka zipande na kushuka kwa ulaini bila kurukaruka wala kukatika.

Matengenezo yenyewe

Paipu iliyotoboka hukatwa kwa kisu kikali, mkato ukiwa mnyoofu kabisa, na kuungwa kwa kiungio cha saizi yake. Usikate kwa koleo, kwani hubonyeza paipu na kiungio hakitashika.

Puto lililopasuka halizibwi. Gundi na viraka vya tairi haviwezi kustahimili mkunjo huo, na mwenye gari analipia kazi mara mbili. Hubadilishwa shokapu nzima pamoja na puto lake, au puto peke yake pale shokapu inapokuwa bado nzima na kipuri cha ubora kinapatikana. Ondoa upepo wa kona hiyo kwa mashine, legeza paipu polepole, fungua nati za juu na boliti ya chini. Shokapu mpya huja na upepo kidogo ndani ili mpira usijikunje vibaya, hivyo usiufungulie upepo huo hovyo. Safisha ncha ya paipu na uweke kiungio kipya.

Mambo mawili huharibu kazi iliyofanywa vizuri. La kwanza ni kushusha uzito wa gari juu ya puto lisilo na upepo. Mpira hubanwa na kuchanika siku ile ile. Jaza upepo kwa mashine gari likiwa bado kwenye stendi, ndipo ulishushe. La pili ni kukaza boliti za bushi, yaani mipira iliyo kwenye viungio vya mikono ya saspensheni, wakati gurudumu linaning'inia. Bushi hukazwa gari likiwa katika kimo chake cha kawaida, la sivyo hubaki zimejipinda na kuchanika baada ya muda mfupi.

Ukikuta unga mweupe, badilisha kikaushio, puliza paipu za njia kuu, na usitarajie bloki iliyojaa unga ijisafishe yenyewe. Baada ya kubadilisha sensa au kufungua mikono ya chini, kimo kipangwe upya kwa mashine kwa kutumia vipimo halisi vya futi kamba, kisha gari lipelekwe kupangwa magurudumu. Kamilisha kwa kurudia kipimo cha usiku kucha kama ulivyokifanya mwanzo. Fundi anayekataa kukuachia gari lilale kwa kipimo hicho kabla ya malipo ya mwisho hajiamini na kazi yake.

Likikushukia njiani

Gari likianguka kona moja kati ya Voi na Mtito Andei, tii ujumbe wa kutozidi kilomita 50 kwa saa, na usipite mashimo kwa kasi, kwa kuwa sasa uzito unapigana na raba za kuzuia mwisho. Wanaosafiri mbali hufungiwa mapema vali za aina ya tairi kwenye paipu za maputo, ili waweze kuyajaza kwa pampu ndogo ya umeme. Pampu hiyo iwe na uwezo wa kufika bar 10. Za kawaida za kujazia tairi za gari dogo hazitoshi. Ni maandalizi ninayoyapendekeza kwa kila anayekwenda mbugani na gari hili.

Kuhusu springi za chuma

Wapo wanaochoka na kuweka springi za chuma. Siwalaumu, hasa anayeishi mbali na fundi mwenye mashine. Lakini ajue anachokipoteza: gari halitapanda milimita zile 55 kwenye tope, halitajisawazisha likibeba mzigo, na kompyuta itaendelea kulalamika isipofungwa kifaa cha kuituliza. Achague springi zilizokokotolewa kwa uzito wa injini yake, na shokapu zinazoendana nazo, kwani shokapu za mfumo wa upepo hazikupangwa kwa springi hizo. Vipuri vya upepo vilivyo vizima, hususan bloki za vali na sensa, avihifadhi mahali pakavu. Huenda yeye au mnunuzi wa gari akataka kuurudisha mfumo wa awali.